Kuotesha metali ya kipimo cha nano juu ya filamu nyembamba za polima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu hasa njia moja: filamu ya polima yenye unene wa nanomita 30 hadi 40 inalowekwa kwenye chumvi ya metali, kisha polima inaondolewa kwa plazma (gesi iliyochajiwa kwa umeme) na metali inabaki imekaa kwenye mchoro uleule. Kuvukiza metali na kujaza matundu kwa umeme vina maswali yao (14 na 15). Anayeanza asome kuanzia la 1. Mwenye tatizo tayari mkononi aende la 16.

## Misingi

1. Kiolezo cha polima kinafanyaje kazi?

Kopolima ya bloku ni molekuli ndefu yenye vipande viwili vya kemia tofauti vilivyounganishwa kwenye ncha. Vipande hivyo havipatani, na vingeachiwa vingejitenga kabisa, lakini kifungo cha kikemia kinavizuia kwenda mbali kuliko urefu wa molekuli yenyewe. Ndiyo maana hujipanga katika maeneo madogo yanayojirudia kila baada ya nanomita 10 hadi 100 hivi: vitufe, micheduara au matabaka, kutegemea kipande kipi ni kirefu zaidi.

Kipande kimoja kikiwa na kemia inayoshika metali na kingine hakiishiki, metali hufuata ramani hiyo bila mtu kuchora kitu. Uso mzima hupata mchoro kwa wakati mmoja, jambo ambalo boriti ya elektroni, inayochora mstari baada ya mstari, haiwezi. Gharama yake ni kwamba mpangilio haunyooki wenyewe (swali la 20).

2. Nianze na polima gani?

Anza na polistirini iliyounganishwa na poli-2-vinilipiridini, yaani PS-b-P2VP, yenye bloku za takriban 44,000 na 18,500 gramu kwa moli. Uwiano huo hutoa micheduara ya P2VP ndani ya PS, umbali wa karibu nanomita 35 hadi 40 kutoka mmoja hadi mwingine, na kila mcheduara una kipenyo cha kama nanomita 20. Piridini, sehemu ya P2VP inayoshika metali, hubeba chaji ikiwa kwenye asidi, kwa hiyo metali hujipakia yenyewe. Kikundi cha Jillian Buriak, University of Alberta nchini Kanada, kilionyesha mwaka 2007 kwamba njia hii hutoa nyaya za metali zilizonyooka kwenye silikoni.

Chagua bidhaa yenye mtawanyiko wa uzito wa molekuli (kadiri molekuli zinavyotofautiana urefu, 1 ikiwa zote ni sawa) chini ya 1.15. Ukizidi 1.2, mipaka ya maeneo huwa na ukungu na hakuna hatua ya baadaye itakayoirekebisha.

PS-b-PMMA, ambayo kipande chake cha pili ni poli(methili metakrilati), ni nafuu na inajulikana zaidi, lakini PMMA haina kitu cha kushika ioni. Inafaa kwa matundu na kwa kuvukiza, haifai kwa kuloweka.

3. Ninabadilishaje ukubwa na umbali?

Kwa kununua molekuli yenye urefu mwingine. Umbali hukua kwa urefu wa mnyororo uliopandishwa kwa theluthi mbili, hivyo molekuli ndefu mara mbili hutoa umbali wa mara 1.6 hivi. Kasi ya mashine ya kuzungusha (swali la 5) na muda wa mvuke (swali la 6) havibadilishi umbali kwa kiwango cha maana. Vinachobadilisha ni mpangilio.

Usiende kwenye molekuli kubwa kupita kiasi kwa matumaini ya kuona vizuri zaidi. Minyororo mirefu husonga polepole, na filamu inaweza kukaa saa nyingi kwenye mvuke bila kupangika.

## Kuandaa filamu

4. Silikoni isafishwe vipi?

Kata vipande vya sentimita 1 kwa 1. Vitie kwenye kiogeo cha sauti, dakika 10 katika asetoni na dakika 10 katika isopropanoli, kisha uvisafishe kwa mchanganyiko wa maji, amonia na peroksidi ya hidrojeni kwa uwiano wa ujazo wa 5:1:1 kwenye nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi kwa dakika 15. Suuza kwa maji yasiyo na ioni, kausha kwa nitrojeni, na utumie siku hiyohiyo.

Wengine hutumia asidi salfuriki na peroksidi kwa uwiano wa 3:1. Inasafisha vizuri sana, lakini hulipuka ikikutana na asetoni au mabaki ya polima, na chupa yake haifungwi kifuniko kamwe kwa sababu inaendelea kutoa gesi. Kwa kazi hii mchanganyiko wa amonia unatosha.

Kipimo cha haraka: tone la maji kwenye kipande kisafi hutandaa. Likijikusanya, uso bado una mafuta.

5. Filamu iwe na unene gani, na nitaupataje?

Lenga safu moja ya micheduara iliyolala, ambayo kwa polima ya swali la 2 ni takriban nanomita 30 hadi 40. Yeyusha PS-b-P2VP kwenye toluini kwa asilimia 1 ya uzito, pasha kichupa kilichofungwa hadi nyuzi 60 au 70 huku ukikoroga mpaka myeyusho uwe angavu, uache upoe, kisha uchuje kwa chujio la PTFE la mikromita 0.2. Dondosha mikrolita 10 hadi 20 kwenye kipande cha silikoni na uzungushe kwa mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika kwa sekunde 40.

Unene upimwe kwa elipsomita (kifaa kinachopima unene kwa mwanga), au kwa kukwaruza filamu na kupima kina cha mkwaruzo kwa hadubini ya nguvu za atomi. Ukikosea unene kwa nanomita chache, filamu haitabaki tambarare: hujigawa kuwa visiwa na mashimo, sehemu moja ikiwa na safu moja na nyingine mbili. Sahihisha kwa mkusanyiko wa myeyusho kwanza (asilimia 0.9, 1.0, 1.1), na kasi iwe kwa marekebisho madogo tu.

Maabara zilizo pwani, Mombasa au Dar es Salaam kwa mfano, zina adui wa ziada. Toluini ikivukiza hupoza uso, na unyevu wa hewa huganda juu yake kuwa vitone vinavyoacha vishimo. Puliza nitrojeni kavu ndani ya kikombe cha mashine wakati wa kuzungusha.

6. Kutuliza kwa mvuke wa kiyeyushi kunafanywaje?

Filamu iliyotoka kwenye mashine bado imejaa vitufe kwa sababu toluini huyeyusha PS lakini haiyeyushi P2VP. Unahitaji kiyeyushi kinachokubalika na vipande vyote viwili, na tetrahidrofurani (THF) inafanya kazi hiyo. Weka kipande kwenye kibanio ndani ya chungu cha kioo chenye kifuniko, pamoja na kichupa kidogo cha THF. Kipande kisiguse kimiminika. Filamu hufyonza mvuke, hufura hadi karibu mara mbili ya unene wake, na minyororo hupata nafasi ya kusogea. Baada ya saa 1 hadi 4 fungua kifuniko kwa mkupuo mmoja ili filamu ikauke ndani ya sekunde chache na mpangilio ubaki pale ulipofika.

Rangi itakuongoza. Filamu ya nanomita 35 kwenye silikoni ina rangi hafifu ya mchanga. Ikifura mara mbili huelekea kahawia. Rangi ikiendelea kusonga hadi zambarau na buluu, umepitiliza: mpaka kati ya PS na P2VP unayeyuka na filamu inakaribia kujikusanya kuwa matone.

Halijoto ya chumba ni kigezo halisi hapa. Nyuzi 3 zaidi mchana kuliko asubuhi zinatosha kubadilisha kiasi cha mvuke, na ndiyo sababu ya kawaida ya lile lalamiko la "jana ilifanya kazi". Weka chungu kwenye kisanduku chenye halijoto inayodhibitiwa, au angalau mbali na dirisha na kiyoyozi.

7. Ninatumia PS-b-PMMA na nataka micheduara isimame. Kwa nini inalala?

Kwa sababu silikoni yenye oksidi inapendelea PMMA. Uso ukipendelea upande mmoja, upande huo hutandaa juu yake na micheduara hulala. Funika kwanza uso kwa kopolima holela (viungo vimechanganyika bila mpangilio) ya stirini na metakrilati yenye stirini karibu asilimia 58 hadi 60, iliyofungwa kwenye oksidi kwa kuoka, kisha osha ziada kwa toluini. Uso huo haupendelei upande wowote.

Baada ya hapo paka PS-b-PMMA (takriban 46,000 na 21,000) na uoke kwenye ombwe au nitrojeni, nyuzi 180 hadi 230. Ndani ya hewa ya kawaida polima huungua kwenye joto hilo. Mwanga wa nanomita 254 huvunja PMMA na kuikaza PS, kisha asidi asetiki husafisha mabaki na kuacha matundu ya kama nanomita 20.

8. Nitajuaje filamu iko tayari kabla ya kupoteza dhahabu?

Ipige picha kwa hadubini ya nguvu za atomi sehemu tatu: katikati, nusu ya njia na karibu na ukingo. Unatafuta mistari iliyoendelea bila kukatika, na uso usio na visiwa. Kama mistari haionekani vizuri, loweka kipande cha majaribio kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 0.9 isiyo na metali kwa dakika 10, suuza, kausha. P2VP hufura na kuchomoza, na mchoro hujitokeza.

Usiruke hatua hii. Sehemu kubwa ya makosa yanayolaumiwa chumvi au plazma yalikuwa tayari yameandikwa kwenye filamu. Metali haitengenezi mpangilio, inaunakili.

## Kupakia metali

9. Hatua za kuloweka zikoje?

Tengeneza asidi kwanza: mililita 1 ya asidi hidrokloriki ya asilimia 37 ndani ya mililita 47 za maji hutoa takriban asilimia 0.9. Mimina asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Kisha yeyusha chumvi ifike milimoli 10 kwa lita. Kwa mililita 10 unahitaji:

- paladi: miligramu 29 za Na₂PdCl₄
- platini: miligramu 42 za K₂PtCl₄
- dhahabu: miligramu 39 za HAuCl₄·3H₂O

Laza kipande kwenye bika ndogo, filamu ikitazama juu, umimine myeyusho wa kutosha kukifunika. Paladi na platini huachwa saa 1 hadi 3. Dhahabu ianze na dakika 10 hadi 30. Suuza kwa maji mengi yasiyo na ioni, ukibadilisha maji mara tatu, na ukaushe kwa nitrojeni. Nenda kwenye plazma (swali la 12).

Tumia kibano na kijiko cha plastiki. Chuma cha pua kikigusa myeyusho wa dhahabu huchukua dhahabu juu yake na kuacha unga mweusi unaotua kwenye filamu yako.

10. Asidi ni ya nini? Siwezi kutumia maji tu?

Piridini ndani ya maji matupu haina chaji, na juu ya micheduara kuna tabaka jembamba la PS linaloziba njia. Asidi hutatua yote mawili. Piridini inapokea protoni na kuwa chanya, kwa hiyo inavuta ioni hasi kama AuCl₄⁻ na PtCl₄²⁻. Na P2VP yenye chaji inavuta maji, inafura, inapasua tabaka la PS na kufungua mlango.

Asidi kali kupita kiasi hudhuru, kwa sababu kloridi nyingi hushindania nafasi zilezile kwenye piridini. Kati ya asilimia 0.9 na 3 ndipo pa kufanyia kazi.

11. Mcheduara wangu una nanomita 20. Kwa nini waya ni mwembamba hivyo?

Hesabu inakataa waya mnene. P2VP ina msongamano wa takriban gramu 1.14 kwa sentimita ya ujazo, na kila kiungo cha mnyororo kina gramu 105 kwa moli, yaani karibu moli 10.8 za piridini kwa kila lita ya polima. Tuseme kila piridini imeshika AuCl₄⁻ moja, na huo ndio upeo. Moli moja ya dhahabu mango huchukua sentimita za ujazo 10.2, kwa hiyo dhahabu yote iliyomo ingejaza asilimia 11 tu ya mcheduara. Kipenyo kinachobaki ni nanomita 6.6.

Platini ni mbaya zaidi: ioni yenye chaji mbili inahitaji piridini mbili, ujazo unashuka hadi karibu asilimia 5, na waya ulio mango ungekuwa na nanomita 4.4. Kwenye picha unaona upana zaidi ya huo kwa sababu waya halisi ni msururu wa punje uliolala bapa na wenye nafasi ndani yake.

Kwa hiyo kuloweka usiku kucha hakuongezi unene. Piridini zikishajaa, kinachoongezeka ni chembe zinazotua mahali pasipotakiwa. Ukitaka waya mnene, chukua polima yenye bloku ndefu zaidi ya P2VP.

12. Plazma ya oksijeni, ya agoni au ya hidrojeni?

Oksijeni huondoa polima haraka. Katika mashine ndogo ya mawimbi ya redio, wati 20 hadi 50 kwa shinikizo la paskali 50 hadi 100, dakika 5 hadi 15 hutosha kwa filamu ya nanomita 40. Dhahabu hutoka ikiwa metali, kwa kuwa oksidi yake huvunjika yenyewe. Paladi na platini hubaki na ngozi ya oksidi.

Agoni yenye hidrojeni asilimia 5 huondoa polima polepole lakini hugeuza ioni kuwa metali safi. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni oksijeni kwanza, kisha dakika 5 za agoni na hidrojeni. Nguvu iwe ndogo: plazma kali hupasha filamu joto kabla metali haijajishikiza, na mistari hukatika (swali la 16).

13. Je, fedha, shaba, nikeli na kobalti?

Fedha haiwezi kupita njia hii. Ioni yake ni chanya, na ndani ya asidi hidrokloriki hutua mara moja kama kloridi ya fedha, unga mweupe. Wanaoihitaji hutumia nitrati ya fedha kwenye maji bila asidi, ambapo piridini isiyo na chaji huishika kwa udhaifu. Mistari hutoka na mapengo. Kuvukiza ni njia bora zaidi kwa fedha.

Shaba, nikeli na kobalti zinaweza kupakiwa, lakini plazma ya oksijeni huzigeuza oksidi, na hata zikirudishwa kwa hidrojeni hewa ya chumba huzila tena. Waya wa nanomita 5 wa shaba hauna ndani ya kukimbilia. Wote ni uso. Onyo moja: chumvi za chuma na kobalti zenye saianidi zisiingizwe kwenye asidi moto, maana zinaweza kutoa gesi ya saianidi ya hidrojeni.

14. Naweza kuvukiza metali moja kwa moja juu ya filamu?

Ndiyo. Ward Lopes na Heinrich Jaeger wa University of Chicago walionyesha mwaka 2001 kwamba dhahabu na fedha zilizovukizwa juu ya PS-b-PMMA huhamia kwenye PS. Siri ni kiasi kidogo na mwendo wa taratibu: nanomita 0.01 kwa sekunde, na jumla ya nanomita 1 hadi 3 tu. Atomi zinahitaji muda wa kutembea hadi kwenye polima inayozifaa kabla hazijazikwa na zinazofuata.

Kwa dhahabu, kuoka kwa muda mfupi kwenye nyuzi 180 huongeza uteuzi, lakini kwa fedha joto refu huvunja misururu kuwa matone. Fedha iwekwe kwa awamu ndogo ndogo.

15. Kujaza matundu kwa umeme kunataka nini cha ziada?

Sakafu inayopitisha umeme, kwa kawaida dhahabu iliyovukizwa juu ya silikoni, na matundu yaliyosimama yanayofika chini kabisa (swali la 7). Kikundi cha Thomas Russell, University of Massachusetts, kilitumia uga wa umeme kusimamisha micheduara, na mwaka 2000 kikaripoti nyaya za kobalti na shaba zaidi ya bilioni 190 kwa sentimita mraba.

Vitu viwili hushinda wanaoanza. Cha kwanza ni maji kutoingia kwenye matundu ya PS, kwa kuwa PS haipendi maji. Ongeza methanoli kwenye myeyusho ili kupunguza mvutano wa uso. Cha pili ni kujaza kupita kiasi. Matundu ya kipenyo cha nanomita 20, umbali wa 37, huchukua asilimia 26 ya uso. Kwa kina cha nanomita 30, shaba ya kuyajaza kwenye sentimita mraba moja inahitaji kulombi 0.02 tu, yaani sekunde 20 kwa miliamperi 1. Ukizidi hapo shaba humwagika juu na kufunika kiolezo. Simamisha kwa kusoma chaji, si kwa saa.

## Mambo yanapoharibika

16. Nyaya zimekatika kama shanga.

Angalia kwa mpangilio huu. Kwanza picha ya filamu kabla ya kuloweka: kama micheduara ilikuwa imekatika, rudi swali la 6. Pili, upakiaji mdogo: punguza asidi au ongeza chumvi hadi milimoli 20 kwa lita. Tatu, plazma yenye nguvu nyingi au joto la baadaye. Waya mwembamba ukipashwa joto hujivuta kuwa matone kwa sababu ya mvutano wa uso, na dhahabu hufanya hivyo kwenye joto la chini sana kuliko kiwango chake cha kuyeyuka cha nyuzi 1,064.

Paladi na platini hutoa mistari mizima kuliko dhahabu. Kama kazi yako haidai dhahabu, usianze nayo.

17. Metali imetapakaa kila mahali, hata juu ya PS.

Muda mrefu mno, kusuuza kidogo, au myeyusho mzee. HAuCl₄ ikikaa kwenye mwanga au ikipata uchafu wa kikaboni huanza kutoa chembe za dhahabu, na chembe hizo hutua popote. Tengeneza myeyusho mpya, uuweke gizani, uuchuje. Bika zenye madoa ya dhahabu ya zamani zioshwe kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki na nitriki wa 3:1 ndani ya kabati la kufyonza hewa.

18. Filamu inabanduka ndani ya asidi.

Karibu kila mara ni usafi wa silikoni (swali la 4). Ikiendelea, oka filamu kwenye ombwe kwa nyuzi 110, juu kidogo ya joto la kulainika la PS, kwa dakika 10 baada ya mvuke. Ukingo ukibanduka lakini katikati ikabaki, kata mm 1 ya ukingo mnene ulioachwa na kuzungusha.

19. Hadubini ya elektroni haionyeshi kitu, au picha inabadilika nikiitazama.

Shusha volti hadi kilovolti 1 hadi 5 na usogeze kipande karibu na lenzi. Polima hujikunja na kufunikwa na kaboni chini ya boriti, kwa hiyo rekebisha ukali wa picha upande mmoja kisha upige picha pembeni, mahali pasipoguswa bado.

Kuhakikisha kwamba ni metali na si chumvi, tumia spektra za elektroni za eksirei: dhahabu ya metali iko kwenye elektronivolti 84.0, platini karibu 71, na ioni ya dhahabu yenye chaji tatu iko juu zaidi, 86 hadi 87. Chukua kilele cha dhahabu mapema katika kipimo, maana eksirei zenyewe hugeuza ioni kuwa metali na zinaweza kukupa jibu unalolitaka.

20. Mistari inapinda kama alama za vidole. Nitainyooshaje?

Hiyo ndiyo hali ya kawaida kwenye uso tambarare, si kosa. Mvuke wa muda mrefu hukuza maeneo yaliyonyooka lakini haufuti mikunjo yote. Dawa ni mifereji iliyochongwa kwenye silikoni, yenye upana unaogawanyika sawasawa kwa umbali wa micheduara. Kuta huilazimisha mistari ifuate mfereji.

## Hali za pembeni

21. Nataka nukta zilizotengana, si nyaya.

Hapo vitufe ambavyo swali la 6 linaviondoa ndivyo unavyovitaka. Yeyusha PS-b-P2VP kwenye toluini, miligramu 5 kwa mililita, ongeza HAuCl₄ moja kwa kila piridini mbili hadi kumi, ukoroge saa 24. Dhahabu huingia ndani ya vitufe. Paka safu moja kisha plazma, bila mvuke. Kila kitufe huacha chembe moja. Joachim Spatz na Martin Möller nchini Ujerumani ndio walioifanya njia hii ijulikane, na hutumika sana kupima jinsi seli hai zinavyoshika uso.

22. Naweza kupata nyaya zilizosongamana mara mbili bila kubadilisha polima?

Ndiyo, kwa filamu nene ya safu mbili za micheduara. Safu ya juu hukaa kwenye nafasi zilizo kati ya micheduara ya chini, na plazma ikimaliza polima, nyaya za juu hushuka na kulala kati ya zile za chini. Inahitaji unene sahihi kuliko safu moja, na muda wa kuloweka uwe mrefu ili asidi ifike chini.

23. Na metali mbili kwenye waya mmoja?

Changanya chumvi mbili kwenye bika moja, lakini uwiano ndani ya waya hautakuwa uwiano wa bika. Kila ioni hushikwa kwa nguvu tofauti. Pima waya uliomalizika, kisha urekebishe bika.

24. Kioo na plastiki vinafaa badala ya silikoni?

Kioo kinafaa, usafi ni uleule. Plastiki nyingi huyeyuka kwenye toluini au THF, na plazma huila pamoja na filamu. Ni rahisi zaidi kuotesha kwenye silikoni kisha kuhamisha.

25. Taka zitupwe wapi, na hatari kubwa ni ipi?

Toluini na THF ziende kwenye chupa ya viyeyushi visivyo na klorini. THF isiyo na kizuizi hutengeneza peroksidi ikikaa. Ipime kwa vijiti vya kupimia peroksidi kabla ya matumizi na usiivukize hadi ikauke. Myeyusho wa dhahabu, platini na paladi ukusanywe kila mmoja peke yake, kwani metali zake zinaweza kurudishwa na zina thamani.

Hatari inayosahaulika ni chumvi za platini zenye kloridi. Vumbi lake husababisha mzio wa mapafu, na aliyeshaupata hujibu hata kwa kiasi kidogo sana baadaye. Pima unga ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa umevaa glavu za nitrili, na futa mizani kwa kitambaa chenye maji kabla mwenzako hajaitumia.